Mfumo Usio na Mwenyekiti

Nilikuwa mtu wa simu katika Umoja wa Wafugaji pale Eldoret. Kijichumba changu kilikuwa karibu na mlango wa mbele, na kila aliyepigiwa au aliyetaka kupiga ilibidi apitie sikioni mwangu kwanza. Nayataja haya mapema ili mtu asije akaniuliza, "Nyakio, wewe ulijuaje?" Sikuwa mmbeya. Nililipwa nisikie.

Nikitaka kumsifu Jeruto itanibidi nianze na ubaya wake, kwa sababu ndio uliotangulia kuonekana. Jeruto alikuwa na maringo. Alisomea kompyuta Nairobi, akaenda ng'ambo akasoma tena, na aliporudi akaajiriwa kusimamia chumba cha kompyuta cha Umoja. Asubuhi alipita mlangoni kwangu bila salamu, shingo imenyooka, akili iko kwenye mambo yake. Ukimuuliza swali alikujibu, kisha akakueleza kwa nini swali lako halikuwa na maana. Ofisi nzima tulimwita Malkia, na mimi sikumwita hivyo kwa kunong'ona.

Kompyuta yake ilikuwa na kazi moja kubwa: kuhakikisha kwamba ng'ombe hapandishwi na baba yake mzazi. Umoja ulinunua mbegu za fahali wenye sifa, ukaziweka katika mitungi ya baridi kali, na wapandishaji wetu wakazipeleka kwa pikipiki hadi bomani kwa mkulima. Wakulima waliwaita wapandishaji hao madaktari, nasi tukafuata. Kabla daktari hajawasha pikipiki, alipitia chumbani kwa Jeruto akapewa karatasi iliyotoka kwenye mashine: boma la fulani, ng'ombe fulani, tumia fahali fulani. Programu iliyochagua fahali aliiandika Jeruto mwenyewe. Lakini chini ya programu hiyo palikuwa na mfumo endeshi, ule unaoiamsha mashine na kuzibeba programu nyingine zote, na huo tuliununua kutoka kwa kampuni moja ya Nairobi.

Meneja wetu, Mzee Simeon Wanyoike, aliupenda mfumo huo kama mboni ya jicho lake. Mzee Wanyoike ni mtu wa kwetu. Wazazi wake walitoka Nyeri kuja kulima huku, naye alianza na duka la dawa za mifugo kabla hajawa mtu wa tai. Aliamini kitu chenye mhuri. Cheti cha mfumo alikitia kwenye fremu akakitundika ofisini, chini kidogo ya ile picha ambayo kila ofisi ya nchi ilikuwa nayo. Mashine ikisumbua, fundi wa kampuni alikuja kutoka Nairobi na mkoba wake, akaingia chumbani na kufunga mlango. Hata Jeruto alitolewa nje, maana mkataba ulikataza mtu mwingine kuona ndani ya mfumo. Malkia akasimama kwenye korido amekunja mikono, na sisi, Mungu atusamehe, tukafurahi.

Basi mwaka wa tisini na moja, mvua zilipoanza, akazaliwa ndama. Alikuwa wa mwenyekiti wa Umoja, Mzee Kimutai, mkulima wa upande wa Kesses. Mtamba wake mwekundu, jike mchanga wa uzazi wa kwanza, ambaye mzee alimsifu kwa kila aliyekubali kusimama, alizaa ndama kipofu mwenye miguu iliyopinda, na ndama huyo hakuishi. Mzee alikuja ofisini na gambuti zake zenye matope na hakutaka kiti. Alisema fahali aliyetumika aliitwa Jemadari, na Jemadari huyo huyo ndiye aliyemzaa mtamba. Yeye mwenyewe alikuwepo mama wa mtamba huyo alipopandishwa. Hakuhitaji mashine imwambie.

Daktari aliyempandisha alikuwa Wangila.

Wangila alisema karatasi ndiyo iliyomwambia atumie Jemadari. Karatasi yenyewe hakuwa nayo, kwa sababu madaktari wote walizifutia mikono na kuzitupa. Jeruto akaiuliza mashine mbele ya kamati nzima. Aliandika namba ya sikio la yule mtamba, na mashine ikajibu kwamba baba yake ni Jemadari na wasikutanishwe. Jeruto akawageukia wazee akasema programu yake iko sawa na haiwezi kuandika kitu cha namna ile. Fundi wa Nairobi akaitwa, akafunga mlango, akafungua mlango, akasema mfumo wa kampuni haukosei. Sasa programu haina kosa na mfumo hauna kosa. Aliyebaki ni binadamu. Ikasemwa kwamba Wangila alibakiwa na mbegu ya Jemadari mtungini akaona uvivu kurudi ofisini.

Akasimamishwa kazi mpaka mkutano mkuu wa wanachama, ambako jina lake lingesomwa na kufutwa mbele ya wafugaji wote. Mwenye kujua kazi ile anajua maana yake. Mpandishaji aliyesomwa jina hivyo hafunguliwi lango la boma lolote, hata akihamia wilaya nyingine, kwa kuwa wafugaji wana masikio marefu kuliko ng'ombe wao. Wangila alikuwa jirani yangu kule Kimumu, na mkewe alikuwa na kitoto kichanga. Kila nikitoka asubuhi nilimkuta nje amekaa kwenye kigoda akisafisha buti za kazi ambazo hazikuwa na pa kwenda. Nilimwonea huruma mpaka nikawa napita njia ya nyuma.

Siku moja Jeruto alisimama mlangoni kwangu, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Aliniuliza kama mimi, jirani yake, naona Wangila anasema uongo. Nikamwambia mtu huyu aliwahi kurudi Kapsoya na mvua ikimnyeshea kwa kuwa hakukumbuka kama alifunga lango la mkulima. Mtu kama huyo hakosi kurudi ofisini kuchukua mbegu. Jeruto akasema basi ni mfumo wa Wanyoike, maana programu yake si. Nikasema moyoni kwamba hata ng'ombe wa Malkia hawakosei. Lakini niliona kwamba jambo lile lilikuwa linamnyima raha, na kuanzia siku hiyo nikaanza kumwangalia kwa jicho jingine.

Kuuchunguza mfumo wa Wanyoike hakuweza. Ulifungwa, mkataba ulikataza, na mashine yenyewe ilikuwa na kazi ya kila siku isiyoruhusu kurudishwa jinsi ilivyokuwa siku mtamba alipopandishwa. Ndipo alipokwenda kwa mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko Kesses akarudi na pakiti ya disketi. Ndani yake mlikuwa na mfumo endeshi mwingine, wa bure. Alinieleza kwa subira ambayo sikumjua nayo. Uliandikwa na watu wengi wasiojuana, kila mtu nchini kwake, kila mmoja akitia mkono wake pale alipoweza. Yeyote aliruhusiwa kuufungua, kuusoma, kuurekebisha na kumpa mwingine. Ukiona kosa unawaambia wote, na anayejua dawa anaitoa kwa wote. Alitaka kuuweka kwenye mashine kuukuu iliyokuwa stoo, ahamishie programu yake na habari za ng'ombe kama zilivyokuwa siku ile, kisha atoe karatasi ya siku ile upya. Karatasi ikitoka sahihi, mwenye kosa ni mfumo wa Nairobi, na Wangila anarudi kazini.

Kwa jambo kama hilo ilibidi kamati ikae. Mimi nilikuwa pale kumimina chai na kuandika majina.

Mzee Wanyoike alipinga, na siwezi kusema alipinga kijinga. Alisema kampuni ya Nairobi ina jengo, ina simu, ina mtu ambaye ukimpigia anakuja. Watu hawa wa bure wako wapi? Wakichoka kesho wakaenda kulima, Umoja utabaki na nini? "Kitu ya bure ikikuumiza," alisema, "utashika nani shati?"

"Nishikeni mimi," Jeruto akajibu.

Palikuwa na mjumbe aitwaye Walubengo, ambaye pia alikuwa mtu mkubwa katika tawi la chama. Miaka ile chama kilikuwa kimoja tu, na kila kitu kilikuwa na mwenyekiti. Kwaya ilikuwa na mwenyekiti, wauza mitumba walikuwa na mwenyekiti, na wote walihitaji kibali ili wakutane. Walubengo akaweka kikombe chini.

"Mwenyekiti wa hii mfumo ni nani?"

"Hakuna mwenyekiti," Jeruto akasema.

"Basi katibu."

"Hawana katibu. Wanasomeana kazi tu."

"Na wamesajiliwa wapi?"

"Hawajasajiliwa, mzee."

Watu wakaacha kunywa chai. Walubengo alivuta kiti chake nyuma kidogo, kana kwamba zile disketi zilikuwa na homa. Aliuliza, kwa sauti ya chini, watu wasio na mwenyekiti wanakutana kwa kibali cha nani. Jeruto alisema hawakutani, wengi wao hawajawahi kuonana, na jibu hilo lilizidi kumtia Walubengo wasiwasi.

Aliyetuokoa ni Mzee Kimutai, na hakutuokoa kwa hekima bali kwa hasira. Alisema yeye anataka kujua nani aliua ndama wake, na kama ni mwenyekiti atakayemwambia au asiye mwenyekiti, kwake ni mamoja. Tena jambo la kutumia kitu kisicho chako halikuwa geni kwake. "Mimi niko na ng'ombe za watu kwangu, na zangu ziko kwa watu," alisema. "Maziwa unakunywa, lakini ikitokea kitu unasema." Wazee wa kwao wakaitikia, kwani ndiyo desturi yao tangu zamani, kumwekea rafiki wa mbali ng'ombe wako ili ugonjwa au ukame usiwamalize wote mahali pamoja. Jeruto alikuwa amekaa pale pale, binti wa wafugaji hao hao, akiitikia kwa kichwa. Alisikia kila neno na halikumgusa.

Akapewa mashine ya stoo.

Sitasahau jinsi alivyofanya kazi. Mfumo ule wa bure haukuwa mtamu mwanzoni. Ulikataa kibodi, ukakataa printa, na mara nyingine uliganda tu kama ugali wa jana. Lakini tofauti na ule mwingine, ulipokataa ulisema kwa nini. Jeruto alifungua mahali palipokataa, akasoma yale ambayo mtu fulani wa mbali aliyaandika, akapatengeneza. Mlango wa stoo aliuacha wazi. Mtu yeyote aliyepita aliruhusiwa kuchungulia, na aliyeuliza alijibiwa vizuri. Hata mimi nilifundishwa kuiamsha ile mashine, nikaiamsha, na nilijisikia mtu. Nilianza kumwelewa: maringo yale hayakuwa ya kudharau watu, ni kwamba alipenda kazi kupita kiasi na hakuona kingine.

Siku ilipofika ya kutoa ile karatasi, alinialika niwe shahidi. Printa ikalia, karatasi ikashuka. Boma la Kimutai, mtamba mwekundu, tumia Jemadari.

Alirudia. Jemadari. Akarudia tena.

Nikaanza kushangilia, kwa kuwa Wangila alikuwa amesema kweli. Jeruto alikuwa amekunja uso. Alisema haiwezekani, basi na mfumo huu wa bure unachanganya faili kama ule mwingine. Akaketi akawaandikia wenye mfumo, na niliyasoma maneno yake begani mwake: aliwaambia mfumo wao una kosa, na ili waone kwamba kosa si lake, akawaambatishia programu yake nzima pamoja na mfano wa ng'ombe wachache. Nikamuuliza haogopi watu wote hao waisome. Akasema waisome tu, huenda wakajifunza.

Kuituma ilikuwa kazi yangu. Ilibidi mashine yetu ipige simu kwa mashine ya Nairobi, nayo ipeleke mbele ng'ambo, na laini za Nairobi miaka ile zilikuwa za kugombaniwa. Lakini watu wa simu tuna undugu wetu. Nilimpigia mwenzangu Nangila, dada wa kule posta, akanitafutia nafasi saa ya chakula cha mchana, wakubwa wakiwa wanatafuna nyama na laini zikiwa zimepumzika. Nangila hakuniuliza ni ya nini. Mimi pia nilikuwa nimemfanyia mengi bila kuuliza.

Majibu yalirudi kwa njia hiyo hiyo, mkutano mkuu ukiwa umekaribia. Watu kadhaa walikuwa wameisoma programu kwa kujipa tu kazi, hakuna aliyewalipa. Walisema wameujaribu mfumo na hauchanganyi faili. Mmoja wao, mtu wa Uholanzi ambako wale ng'ombe weusi kwa weupe walitoka, alikuwa na swali. Jeruto alinitafsiria, na nilisikia sauti yake ikipungua.

"Anauliza, ng'ombe wenu akihama boma, baba yake anakwenda wapi?"

Mimi sikuelewa. Yeye alielewa mara moja. Alisimama, akaketi, akafunika mdomo kwa kiganja.

Nitaeleza kama alivyonieleza. Programu yake ilimwandika kila ng'ombe chini ya boma. Ng'ombe akitokea katika boma jipya, programu ilimwandika upya kama mgeni, bila baba. Yule mtamba mwekundu alizaliwa kwa rafiki ya Mzee Kimutai ambaye alikuwa amewekewa ng'ombe aliyemzaa, kisha akarudishwa nyumbani. Kwa hiyo mashine ilikuwa naye mara mbili. Ukiuliza kwa namba ya sikio, ilikujibu kwa yule wa kwanza, mwenye baba. Lakini karatasi za madaktari zilitolewa kwa boma, na bomani kwa Kimutai alikuwa mgeni asiye na baba, ambaye fahali yeyote angemfaa. Mfumo wa Nairobi haukuwa na kosa. Mfumo wa bure haukuwa na kosa. Wangila hakuwa na kosa.

Nilimwambia kitu ambacho nakiona haya sasa. Nilimwambia anyamaze. Karatasi imetoka, imesema Jemadari, basi apeleke karatasi mkutanoni aseme mfumo wa Wanyoike ndio uliochanganya. Nani angejua? Wangila atarudi, yeye atabaki na kazi, na yule fundi wa Nairobi atapata haki yake.

Jeruto alisema kampuni ingekana, fundi angekuja kufunga mlango tena, na mambo yangeishia kwenye "huenda." Wangila angerudi kazini na "huenda" mgongoni. Kila lango lingefunguliwa nusu. Halafu akasema jambo lililomuuma zaidi, nalo lilikuwa kwamba baba yake mwenyewe ana ng'ombe kwa watu, na yeye utotoni ndiye aliyewasindikiza njiani wakihamishwa. Mzungu wa mbali ndiye aliyemuuliza. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa mjini. Kibali kilisomwa kwanza, kisha sala, kisha wimbo. Wafugaji walijaa mpaka madirishani. Wangila alikuwa amekaa nyuma kabisa na mkewe, kitoto mapajani, wote wamevaa nguo za kanisani. Jina lake lilikuwa linafuata katika shughuli za siku hiyo, na Walubengo alikuwa ameshasimama kulisoma.

Jeruto akaomba kutangulia. Alipanda jukwaani bila karatasi yoyote.

"Wangila hakukosa," alisema. "Karatasi ilimwambia Jemadari, na aliyeifanya karatasi iseme hivyo ni mimi. Niliandika programu kana kwamba ng'ombe hazihami. Mimi, mtoto wenu, ambaye nimezichunga zikihama. Halafu nikasimama mbele ya kamati nikasema siwezi kukosea, na mkaamini, na mtu akakaa nyumbani."

Akaeleza yote, polepole, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kikalenjin kwa ajili ya wazee. Walubengo, ambaye alikuwa bado amesimama na jina la Wangila mkononi, aliuliza kama hiyo ina maana kwamba mfumo wa kampuni ya Nairobi haukuwa na makosa. Jeruto akajibu kwamba haukuwa nayo, na kwamba aliusingizia.

Watu wote wakamgeukia Mzee Wanyoike. Alikuwa ameshinda. Binti aliyesema "nishikeni mimi" alikuwa amejileta mwenyewe, shati na kola. Nilimwona mzee akiinuka, akivuta koti, nikaogopa, maana namjua mtu wa kwetu akishika haki yake.

"Mimi nilikuwa na kampuni," alisema. "Kampuni ilituma mtu, akafunga mlango, akatoka, akasema iko sawa. Na ilikuwa sawa kweli. Lakini ningeendelea na hiyo usawa, leo tungefukuza mtu bure, na mwaka ujao tungezika ndama zingine. Huyu msichana aliweka kazi yake mahali kila mtu anaweza kusoma, ikasomwa, ikamshika yeye mwenyewe. Sijawahi kuona mhuri ikifanya hivyo."

Akasema kwamba yeye angependa chumba cha kompyuta kiendeshwe kwa mfumo ule usio na mwenyekiti, mlango ukiwa wazi, na Jeruto abaki pale pale alipo, kama wanachama wanakubali. Kisha akatoka jukwaani, akapita katikati ya watu mpaka nyuma, akampa Wangila mkono. Sikusikia alichomwambia, na mimi ni mtu wa kusikia. Niliona tu mke wa Wangila akiinama na kumfunika mtoto uso kwa khanga ili asimwone mama yake akilia.

Walubengo alikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

Jeruto alikuwa bado amesimama jukwaani hajui ashuke au abaki. Mzee Kimutai ndiye aliyemwendea wa kwanza, na nilidhani atamkemea juu ya ndama. Alimwambia yeye ana ng'ombe wengine waliohama na aandike sasa hivi, kabla hajasahau nani alikaa kwa nani. Nyuma yake akasimama mzee mwingine, ambaye alikuwa ameweka mitamba kwa shemeji yake kule Kapsabet. Kisha mama mmoja aliyepewa ng'ombe wa mahari na hakumbuki ng'ombe huyo alitoka boma gani, ila anamjua mama wa ng'ombe. Kisha mwingine. Punde ukumbi mzima ulikuwa foleni. Nikamtafutia Jeruto meza na kalamu, naye akaanza kuandika, akiuliza kila mmoja jina, akimsikiliza mpaka amalize. Alimsalimu kila mtu. Niliwaona wenzangu wa ofisi wakitazamana.

Foleni ilipopungua, nikamwona Wangila amesimama ndani yake kama wengine, kofia mkononi. Alipofika mezani Jeruto aliinua kalamu bila kuinua macho na kuuliza jina la boma.

"Sina ng'ombe yenye ilihama," Wangila akasema. "Nimekuja kukuambia nilikuwa nikikulaani kila asubuhi. Wewe na hiyo mashine yako."

Jeruto akaweka kalamu chini. "Ulikuwa na haki."

"Leo nimeacha."

Alivuta kiti upande wa pili wa meza, akachukua karatasi kutoka kwenye rundo, akamwita mfugaji aliyefuata.